Taa ya Mama na Kauli ya Kutendua

Kila mwaka, nifikapo kwenye sura ya mnyambuliko wa vitenzi, huwapa wanafunzi wangu wa isimu zoezi moja ambalo huonekana jepesi kabla halijawashinda. Huwaambia wataje vitenzi vinavyokubali kauli ya kutendua, yaani vile ambavyo tukivinyambua hugeuka na kubeba maana iliyo kinyume cha tendo la awali. Darasa zima hunijibu kwa pamoja: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua, shona, shonoa, fuma, fumua, tega, tegua, bandika, bandua, chomeka, chomoa, ezeka, ezua. Kisha huwauliza swali la pili: ni vitenzi gani visivyokubali kutenduliwa, na ni kwa nini? Hapo kimya hutanda. Baada ya muda mmoja wao hujitokeza na kusema kwamba hatuna "vunjua" wala "mwagua", kwa sababu kilichovunjika hakirudi kilivyokuwa. Na wahenga nao walikwisha kutuonya kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

Sikudhani kwamba zoezi hilo lingenifuata nje ya darasa. Lilinifuata mwaka 2023, likiwa limejificha ndani ya taa.

Mama yangu anaishi katika kijiji kimoja cha Magarini, kaunti ya Kilifi. Mwaka 2021 alinunua taa ndogo ya sola kwa mpango wa kulipa kidogo kidogo kwa simu, siku baada ya siku, hadi deni likaisha. Nilifurahi kupita kiasi. Mimi nililelewa kwa mwanga wa koroboi, na ninaujua vyema moshi wake unavyoyawasha macho ya mtoto anayesoma na kumkaa kifuani hadi asubuhi. Taa hiyo mpya haikuwa na moshi wala harufu, na haikuhitaji mafuta ambayo bei yake hupanda bila kumwuliza mtu. Kila jioni binti wa dada yangu, anayelelewa na bibi yake, aliiweka mezani na kufungua vitabu vyake.

Mwaka 2023 mpwa wangu huyo alikuwa katika kidato cha nne. Taa ikaanza kuzimika mapema. Mwanzoni ilidumu saa mbili, kisha saa moja, kisha dakika chache tu. Mama akawapigia simu waliomwuzia. Wakamjibu kwa adabu kwamba muda wa dhamana ulikuwa umepita na kwamba dawa yake ilikuwa kununua nyingine. Maana yake ni kwamba aanze upya safari ya deni ambayo alikuwa ameimaliza si zamani. Kwa majuma matatu, mtihani ukikaribia, msichana yule alirudi kwenye koroboi lile lile nililolikimbia mimi miaka mingi iliyopita.

Nilipokwenda nyumbani likizoni, niliichukua taa hiyo nikampelekea fundi mmoja wa redio na simu mjini Malindi. Aliigeuza mara tatu, akaipapasa pembezoni kwa kidole gumba. Hakuona skurubu hata moja. Bisibisi yake ikabaki mkononi bila kazi.

"Mwalimu," akaniambia, "hii haikuundwa ifunguliwe."

Nikamwuliza kama hakukuwa na njia yoyote.

"Njia ipo," akasema, "lakini sharti kwanza tuivunje."

Alichukua msumeno mdogo akaikata taratibu kwenye ule mstari ambapo vipande viwili vya plastiki vilikuwa vimegandishwa kwa gundi. Ndani tulikuta kila kitu kikiwa kizima. Taa zenyewe zilikuwa nzima, nyaya zilikuwa nzima, na paneli aliipima akaikuta ikitoa umeme kama kawaida. Betri tu ndiyo iliyokuwa imefura na kuchoka. Nayo ilikuwa imeunganishwa kwa risasi moja kwa moja, tena ilikuwa ya umbo ambalo hakulipata katika duka lolote la mjini. Fundi yule hakukata tamaa. Alitoa seli moja nzuri katika betri ya kompyuta iliyokuwa imekufa, akaipima, akaiunga mahali pa ile ya zamani, kisha akaifunga taa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Mwanga ukarudi. Lakini ganda lililokatwa kwa msumeno halikuweza tena kuzuia vumbi wala mvua, na mama alilazimika kuitunza taa hiyo kama yai.

Nilirudi nyumbani jioni hiyo nikiwa na jambo moja akilini. Kilichokufa kilikuwa kiungo kimoja. Kilichohukumiwa kufa kilikuwa kitu kizima. Na hukumu hiyo haikutolewa na mama kwa uzembe, wala na fundi kwa kutojua kazi. Ilitolewa mezani pa mbunifu, siku ile alipochagua gundi badala ya skurubu.

Hebu tulitazame jambo hili kwa makini, kwa maana ndilo kiini cha makala haya. Karibu kila chombo tunachokitumia ni muungano wa sehemu zenye umri usiolingana. Paneli nzuri ya sola huweza kufanya kazi kwa miaka 20 na zaidi. Taa za aina ya LED huwaka kwa makumi ya maelfu ya saa. Betri, kwa upande wake, huchoka baada ya miaka michache, hata ikitunzwa vipi. Ukivigandisha vitatu hivi pamoja kwa namna isiyofunguka, umeviozesha ndoa ambayo mwenzi mwenye maisha mafupi atawafuata wenziwe kaburini. Miaka ya paneli haina faida tena. Chombo kizima huishi umri wa kiungo chake kilicho dhaifu kuliko vyote.

Wanafunzi wa sarufi wataniruhusu niongeze hatua moja. Kiswahili hakikuishia kwenye "fungua". Kina "funguka" na kina "fungulika". Katika "fungua", sifa ni ya mtendaji: fundi ni hodari, anajua kufungua. Katika "fungulika", sifa imehamia kwenye kitu chenyewe: chombo hiki kinakubali kufunguliwa, kimeumbwa hivyo. Tofauti hiyo ya silabi chache ndiyo tofauti baina ya chombo kilichobuniwa vyema na kilichobuniwa vibaya. Nchi yetu ina maelfu ya mafundi wanaojua kufungua. Kinachokosekana siku hizi ni vitu vinavyofungulika.

Wala wazo hili si geni kwetu, lililoletwa na wataalamu kutoka ng'ambo katika mikoba ya semina. Itazame nyumba ya makuti pwani. Mjenzi anajua kwamba boriti na nguzo zake zitadumu miaka mingi, ilhali makuti yataoza na kuvuja baada ya muda mfupi. Kwa hivyo hayagandishi makuti kwenye boriti. Huyafunga kwa kamba. Wakati ukifika, paa huezuliwa na kuezekwa upya, na nyumba hubaki imesimama. "Ezeka" na "ezua" ni vitenzi vilivyozaliwa na ujenzi wa namna hiyo. Mtu aliyeezeka alijua tangu mwanzo kwamba siku moja mtu ataezua.

Utazame pia mtepe, chombo cha baharini ambacho Wabajuni wa visiwa vya Lamu walisifika kwa kukiunda hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mbao zake hazikupigiliwa misumari. Zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Ushoni huu ni wa kale mno: msafiri mmoja wa karne ya kwanza aliyeandika kwa Kiyunani kuhusu bahari yetu aliutaja mji wa biashara ulioitwa Rhapta, na akaeleza kwamba jina hilo limetokana na vyombo vilivyoshonwa. Kamba zilikuwa na umri mfupi kuliko mbao, kwa hiyo mafundi walishonoa na kushona upya, na mbao zile zile zikarudi baharini. Sisemi kwamba mtepe haukuwa na dosari. Uliingiza maji, na mabaharia hawakupata nafasi ya kuacha kuyafua. Ninachosema ni kwamba aliyeuunda alijua kiungo gani kitakufa kwanza, akakiwekea njia ya kutoka.

Asije mtu akadhani kwamba nina wazimu wa mambo ya kale. Vyombo vya viwandani navyo vimewahi kuifuata kanuni hii. Wengi wetu tumeikuta ile chupa ya chai iliyo na kioo ndani yake katika nyumba za wazazi wetu. Mtoto akiiangusha, kioo kikapasuka, mama hakuitupa chupa. Alifungua kitako chake, akatoa vigae, akaenda dukani kununua kioo kingine cha kipimo kile kile, akakirudisha na kukaza kitako. Kioo ndicho kilichokuwa dhaifu. Mtengenezaji alilijua hilo, akauza vioo peke yake. Kandili nayo ilikuwa hivyo: utambi ukiisha ulinunua utambi, kioo kikivunjika ulinunua kioo, na mwili wa bati ukarithiwa.

Mfano ninaoupenda zaidi, kwa kuwa ni wetu na ni wa juzi, ni jiko la kauri. Mnamo Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake kuhusu vyanzo vipya vya nishati jijini Nairobi. Katika miaka iliyofuata, wataalamu, mafundi wa jua kali na akina mama waliotumia majiko jikoni mwao walishirikiana kubuni jiko la makaa lenye kupunguza matumizi ya kuni na makaa. Walikopa wazo kutoka kwa jiko la ndoo la Thailand, kisha wakalitohoa lifae mapishi yetu, kama vile tunavyolitohoa neno la kigeni hadi likakubali viambishi vyetu. Majaribio ya kwanza yalikuwa na kasoro, kauri ikipasuka kwa joto. Wakasahihisha. Hatimaye likapatikana lile umbo tunalolijua sote, lililobana kiunoni na kupanuka juu na chini, likiwa na kauri katika nusu ya juu peke yake.

Jiko hilo hupunguza makaa kwa kiasi cha asilimia 30 hadi 50 likilinganishwa na lile la bati tupu. Sifa hiyo inajulikana. Sifa ya pili husahaulika: limeundwa kwa sehemu mbili zinazotengenezwa na watu wawili. Mfinyanzi hutengeneza kauri; fundi wa bati, wa Shauri Moyo au wa mji mwingine wowote, hutengeneza gamba la nje. Kauri ikipasuka, hubanduliwa ikatiwa nyingine. Bati likioza, kauri huhamishiwa kwenye bati jipya. Hakuna chochote ndani ya jiko hilo ambacho fundi wa mtaani hawezi kukielewa kwa kukitazama. Ndiyo maana limeenea katika nchi nyingi za Afrika bila ya kampuni moja kulimiliki.

Sasa basi, ikiwa kanuni hii ni kongwe, ni rahisi, na imethibitika, ni nini kilichotufikisha kwenye taa zisizofungulika? Historia inatupa sehemu ya jibu. Mwaka 1924 kampuni kubwa za balbu za umeme, zikiwemo Osram na Philips, zilikutana mjini Geneva, Uswisi, na kuunda muungano ulioitwa Phoebus. Waliafikiana kwamba balbu ya kawaida iwake kwa saa 1,000 tu, ilhali wakati huo zilikuwepo balbu zilizoweza kufikisha saa 1,500 hadi 2,000. Kampuni ambayo balbu zake zilipatikana kuwaka kupita kiwango hicho ilitozwa faini. Msomaji aisome tena sentensi hiyo: faini haikutozwa kwa kuunda kitu kibovu, bali kwa kuunda kitu kizuri mno. Muungano huo ulivunjwa na Vita Vikuu vya Pili. Funzo lake limebaki, nalo ni kwamba urefu wa maisha ya chombo ni jambo linaloamuliwa na watu.

Hata hivyo, sitaki kumhukumu kila mbunifu kwa kosa la Phoebus. Aghalabu hakuna njama yoyote. Kuna kijana mwenye kompyuta katika mji wa mbali, aliyeagizwa apunguze gharama na kuharakisha kazi kiwandani. Gundi ni nyepesi na ni ya haraka. Hajawahi kufika Magarini. Hamjui mama yangu, hamjui fundi wa Malindi, na hakuna aliyemwuliza nini kitatokea betri ikichoka. Aliuwaza mwanzo wa chombo, hakuuwaza mwisho wake. Na sisi wanunuzi tukamsaidia kusahau, kwa maana kipya kinyemi ingawa kidonda.

Watengenezaji wana hoja zao, na si haki kuzipuuza. Husema kwamba chombo kilichogandishwa huzuia maji na vumbi. Husema kwamba betri za lithiamu zinaweza kushika moto zikichokorwa na mtu asiyejua. Husema kwamba skurubu na vipuri huongeza bei, na mnunuzi maskini hataimudu. Hoja ya kwanza hujibiwa na tochi ya zamani: kitako chake kilifunguliwa kwa kuzungushwa, na mpira mdogo ukazuia maji. Hoja ya pili ni ya kweli, lakini inatugeukia kwa upande wetu. Hatari kubwa ilikuwa ule msumeno uliopita karibu na betri iliyofura. Laiti kungekuwa na mlango wenye skurubu mbili na betri ya kuchomeka na kuchomoa, hatari hiyo isingekuwepo. Ama hoja ya bei, nauliza: bei ya nani? Taa inayogharimu kidogo zaidi siku ya kununuliwa, kisha ikanunuliwa mara tatu katika miaka sita, si taa ya maskini. Ni taa inayomfanya maskini kuwa maskini.

Tena kuna gharama ambayo haimo katika risiti yoyote. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 kuhusu taka za vifaa vya umeme na elektroniki ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na kwamba chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Zilizobaki huishia majalalani, mitoni, na mikononi mwa vijana wanaochoma nyaya ili wapate shaba, wakivuta moshi ambao ni mbaya kuliko wa koroboi langu.

Wapo watakaosema kwamba suluhisho ni kurejeleza taka. Watanikumbusha jahazi la Flipflopi lililoundwa Lamu na mafundi wetu kwa plastiki iliyookotwa, zikiwemo ndala zilizotupwa na bahari ufuoni. Liliingia majini Septemba 2018, na mapema mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja. Ninawavulia kofia mafundi wale. Wameuonyesha ulimwengu kwamba taka ina thamani. Lakini hata jahazi hilo lenye rangi za kupendeza ni ushahidi wa kosa lililokwisha kutendeka. Kuokota ni kazi ya heshima. Ni afadhali zaidi kuunda kitu ambacho hakitahitaji kuokotwa. Aliyeziba ufa ameepuka kujenga ukuta, na ufa huu unazibwa mezani pa mbunifu, si ufuoni.

Serikali yetu haikulala kabisa. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutekelezwa tarehe 28 Agosti 2017, na leo watoto wengi hawakumbuki mifuko ile ikining'inia kwenye miiba kama matunda. Mwaka 2022 ikapitishwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, ambayo inamtwika mzalishaji jukumu la bidhaa yake hata baada ya kutumiwa. Hiyo ni hatua njema. Hata hivyo, kumwambia mzalishaji akusanye maiti ya taa si sawa na kumwambia aunde taa isiyokufa ovyo. Muungano wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2023 inayotaka betri za vifaa vidogo ziwe zinaweza kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, na ukaweka Februari 2027 kuwa mwanzo wa sharti hilo. Tusipoweka sharti kama hilo, vyombo vilivyofungiwa mlango huko vitatafuta mlango ulio wazi, na mlango huo utakuwa bandari ya Mombasa.

Shirika letu la Viwango hukagua vyombo vingi kabla havijauzwa. Ninapendekeza liongeze maswali matatu katika orodha yake. Je, sehemu itakayochoka kwanza inaweza kutolewa kwa bisibisi ya kawaida bila kuvunja chochote? Je, kipuri chake ni cha kipimo kinachopatikana madukani? Je, kuna karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili, tena Kiswahili kinachoeleweka, inayomweleza fundi jinsi ya kukifungua chombo na kukifunga? Swali la tatu linatuhusu sisi wanaisimu moja kwa moja. Nimesoma maelezo ya vyombo yaliyotafsiriwa na watu wasioijua lugha wala chombo, na ninakiri kwamba sikuelewa hata mimi niliyesomea kazi hiyo. Fundi wa Malindi hahitaji huruma yetu; anahitaji mchoro na majina sahihi ya sehemu.

Kwenu walimu wenzangu, nina ombi. Mnapofundisha kauli ya kutendua, msiishie ubaoni. Waambieni wanafunzi walete darasani chombo kimoja kilichokufa nyumbani: redio, tochi, kikokotoo, pasi. Kisiwe kimechomekwa kwenye umeme, na betri zisiguswe. Wakitazame kwa nje na waandike vitenzi vyote vilivyokiunda: kimefungwa, kimechomekwa, kimebandikwa, kimeunganishwa, kimegandishwa. Kando ya kila kitenzi waandike cha kutendua. Kisha wajiulize kama tendo hilo linawezekana kweli kwa mkono wa mtu na bisibisi, au kama neno lipo kwenye kamusi lakini limenyimwa nafasi ndani ya chombo. "Ganda" ina "gandua" yake. Fundi wa Malindi aligandua, na ganda likaharibika. Mwanafunzi atakayefanya zoezi hilo atajifunza sarufi, atajifunza ufundi, na huenda akawa ndiye mbunifu tunayemngoja.

Kwa maana tunamngoja. Watoto wanaosoma katika shule zetu leo ndio watakaokuwa wahandisi wa kesho, na baadhi yao watakaa kwenye meza zile ambapo gundi na skurubu huchaguliwa. Ningependa wafike hapo wakiwa na mazoea ya kujiuliza, kila waungapo vitu viwili: atakayeviungua ni nani, na atakuwa na nini mkononi? Wanafunzi wangu watanicheka hapa, kwa kuwa katika Kiswahili sanifu "ungua" ni kupatwa na moto, wala si kinyume cha "unga". Nimeliacha kosa hilo makusudi. Kitu kilichoungwa bila njia ya kuunguliwa, mara nyingi mwisho wake ni kuungua katika moto wa jalala.

Mpwa wangu alifanya mtihani wake mwaka huo, akisoma kwa taa iliyofungwa mpira wa baiskeli. Taa hiyo bado ipo. Nilipokwenda kwa mama majuzi nilimkuta ameifunika kwa sufuria kuukuu, kwa kuwa mawingu yalikuwa yametanda. Nikamwambia nitamnunulia mpya. Akaniuliza swali moja tu.

"Mwanangu, hiyo mpya inafunguka?"

Sikuwa na jibu. Nimekwenda katika maduka kadhaa tangu siku hiyo, na kila mara ninapoigeuza taa na kuutazama mgongo wake, wauzaji hunitazama kama mtu aliyepotewa na akili. Ninamwomba msomaji naye aanze kuigeuza. Tukiwa wengi tunaouliza kama kitu kinafunguka kabla ya kuuliza bei yake, waundaji watasikia.